Koki Isiyodondosha

Mama yangu alipopata habari kwamba mwanawe wa kwanza, aliyesomeshwa kwa pesa za nazi, ameanza kugema miti huko Marekani, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayechelea majirani wa Tanga wasije wakasikia: "Mwanangu, na kunywa unakunywa?"

Nikamwapia kwamba si tembo. Hapa Vermont, nikamwambia, kuna mti uitwao mepo. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, usiku ukigandisha na mchana ukapasha kidogo juu ya sifuri, mti huo ukiutoboa unatoa maji meupe kama ya kisima, yenye sukari kama asilimia 2 tu. Unayakinga kwa ndoo, unayachemsha kutwa nzima, na lita 40 zinakuachia lita 1. Wenyewe wana jina lao. Mimi naiita shira, dada yake ile tunayomwagia kaimati, ila sukari yake imetoka kwenye gogo badala ya duka la mtaani.

"Lita arobaini upate lita moja," Mama akarudia polepole. "Na moto huko mnapewa bure?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo.

Lakini kuchemsha si shida. Kuchemsha ni kazi ya mpumbavu mwenye subira, na sifa zote mbili ninazo. Watu wote hukuonya kuhusu kuchemsha: usichemshie ndani, mvuke utabandua karatasi za ukutani; usiondoke, itafurika; ikianza kupanda, tia kitone cha siagi povu lishuke. Hakuna aliyenionya kuhusu kinachofuata. Shira imeiva, inang'aa, nyumba nzima inanukia, na wewe unasimama nayo jikoni huna namna ya kuiingiza kwenye chupa.

Mwaka wa kwanza nilitoboa miti 5. Vifaa vyangu vya kujazia vilikuwa upawa wa pilau na faneli ya plastiki niliyoinunua kwenye duka la vipuri vya magari. Faneli ilikuwa mpya, naapa, ila mke wangu, Mama Salma, haamini hata sasa.

Sheria ya kujaza ni fupi. Shira huiva ikifika kama nyuzi 4 za Selsiasi juu ya pale maji yanapochemkia, yaani kwenye 104 hivi. Chupani iingie ikiwa kati ya nyuzi 82 na 88. Ukiijaza imepoa, ukungu utakutembelea. Ukiipasha upya ukapita nyuzi 93, inaanza kutoa mchanga. Basi ukishajaza unafunga kifuniko, unailaza chupa ubavu dakika chache ili ule moto uue wadudu wa kwenye shingo na kifuniko. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuyakariri, na Salma, aliyekuwa darasa la pili, aliyakariri kunizidi.

Chupa zangu zilikuwa gerejini. Gereji ya Vermont mwezi wa tatu ni friji isiyolipiwa umeme. Nikazileta ndani zikiwa bado zina umande wa barafu, nikaipanga ya kwanza, nikamimina shira ya nyuzi 85. Ikatoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayesonya. Kisha ikaachana na kitako chake. Nilipoinyanyua shingo, kitako kilibaki mezani, na kati ya hivyo viwili shira ilikuwa inaelekea ukingoni bila haraka yoyote. Nikaruka nyuma. Mguu ulikuja, soksi ikabaki sakafuni.

Nikajifunza kupasha chupa kwenye oveni. Nilichochelewa kujifunza ni kwamba upawa ni kifaa cha kupozea. Kila nilipochota, hewa ilikula joto lake. Nilipofika chupa ya nne, shira ilikuwa na uvuguvugu wa maji ya kuogeshea mtoto. Nikafunga hivyo hivyo. Mwezi wa sita tukafungua moja mbele ya wageni, na juu ya shira palikuwa na ndevu nyeupe za mzee mwenye heshima zake.

Mwaka wa pili nikatoboa mashimo 22, na hapo ndipo akili iliponitoka. Mtu mwenye miti 5 anajijua kuwa anacheza. Mwenye mashimo 22 anaanza kusema "uzalishaji". Usiku, wenzangu wakiangalia filamu, mimi nilikuwa naangalia picha za mashine za kujazia. Kuna moja ilinitesa zaidi: sanduku la chuma cha pua lenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo mna maji. Moto unapasha maji, maji yanapasha shira, kwa hiyo shira haiungui kamwe na haipandi ghafla. Mbele ina kipimajoto. Na chini ya kipimajoto kuna koki, nyie, koki isiyodondosha. Unafungua, inamwaga uzi wa dhahabu. Unafunga, inanyamaza papo hapo. Nilimwonyesha Mama Salma video yake mara tatu.

"Hiyo inabeba kiasi gani?"

"Hii ndogo? Galoni kumi. Lita 38 hivi."

"Na sisi kwa mwaka mzima tunapata?"

Nikapiga hesabu kwa sauti ndogo. Kila shimo, msimu ukiwa mwema, hutoa kama lita 40 za maji, yaani lita 1 ya shira. Mashimo 22, lita 22. Mavuno yangu yote ya mwaka yangeingia kwenye lile sanduku mara moja, nafasi ingebaki, na kazi ingekwisha kwa saa moja.

"Kwa hiyo," akasema Mama Salma, "tunanunua gari la kwendea kuswali Idi."

Nikaenda kutafuta msaada kwa jirani. Ni mzee wa hapa hapa Vermont, familia yao inachemsha shira tangu enzi za babu zake, na kibanda chake kikianza kutoa mvuke Machi, kijiji kizima hujua. Namwita Mzee. Yeye anadhani nimeshindwa kutamka jina lake, na kwa adabu aliyonayo hajawahi kunisahihisha. Nilimkuta analisha kuni tanuri lake. Nikamtandazia yote: kuta mbili, galoni, kipimajoto, koki. Nikamuuliza kama koki ya robo mzunguko ni bora kuliko ya kusukuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatia kuni mbili zaidi.

"Una mashimo mangapi?"

"Ishirini na mawili."

Akafikiri.

"Nunua faneli," akasema.

Sikununua faneli. Faneli nilikuwa nayo, na mkosi wake nilikuwa nao pia. Nikanunua, kwenye mnada wa vitu vya zamani uani mwa kanisa, birika la umeme la kahawa, lile refu la vikombe 40 lenye koki chini, kwa dola 5. Wachemshaji wadogo wengi hapa huanzia hapo, kwa hiyo nilijiona nimeingia rasmi kwenye chama. Nikalisugua kwa siki, nikalisugua kwa magadi, nikalichemshia maji mara nne. Maji ya nne yalitoka meupe kabisa yakinuka kahawa.

Lakini kabla ya birika kuna chujio, na chujio lina aibu yake.

Maji ya mepo yakichemka, madini yaliyomo huungana na asidi ya mti yakawa chembe laini mno, ambazo wachemshaji huziita mchanga wa sukari. Hazidhuru, ila zinaifanya shira iwe na ukungu kama chai ya maziwa, na zikitulia chupani mteja anadhani umemkaangia tope. Kwa hiyo unachuja kwa kitambaa kizito cha sufu kilichoshonwa mfano wa tarbushi refu lenye ncha. Unakilowesha kwanza kwa maji ya moto, unakining'iniza, unamimina, unangoja. Hukikamui. Ukikikamua unakiharibu. Na kukiosha ni kwa maji ya moto matupu.

Hilo la maji matupu lilikuwa limeandikwa nyuma ya karatasi. Mimi nilisoma mbele. Nikakitia kwenye mashine ya kufulia pamoja na fulana zangu, na sabuni ile ya maua ambayo Mama Salma huiwekea akiba kwa mashuka ya wageni. Kikatoka kisafi ajabu, kimekunjamana, kimebaki na ukubwa wa kofia ya mtoto. Shira iliyopita mle ilikuwa na ladha tatu kwa mpangilio: kwanza utamu, kisha moshi wa kuni kwa mbali, halafu mashuka.

Haya, birika. Birika la kahawa limeumbwa ili lichemshe, na halijui kingine. Katikati chini lina jicho moja la moto ambalo hurusha maji kupitia bomba mpaka kwenye kikapu cha kahawa. Ukitoa bomba na kikapu, jicho linabaki pale pale, kali vile vile, limeelekezwa kwenye shira yako. Nikaliwasha Jumamosi asubuhi, nikamwambia Salma aangalie kipimajoto, nikaenda sebuleni dakika moja tu maana Simba walikuwa uwanjani na kwa saa za huku mechi za jioni huangukia asubuhi. Salma aliangalia kipimajoto kwa uaminifu wote. Alikiangalia kilipofika 85, akakiangalia kilipopita 93, akakiangalia kilipokaribia 100. Hakuna aliyemwambia aseme kitu. Mimi niliamshwa na harufu ya kashata iliyosahauliwa jikoni.

Chini palikuwa na duara jeusi. Juu, shira niliyoichuja usiku kucha ilikuwa imerudi kuwa chai ya maziwa: mchanga mpya. Nikachuja tena, kwa kofia ya mtoto.

Halafu ile koki ya plastiki. Ilikuwa imetengenezewa kahawa, kitu chepesi chenye haraka. Shira ina uzito wa kilo 1.3 kwa lita, inapita polepole na haikubali kuambiwa basi. Kila nilipoifunga ilitoa tone, ikangoja kama sekunde mbili, ikatoa lingine. Nikaweka kikombe. Kikombe kikajaa nikiwa nahangaika na vifuniko. Nikageuka nikamkuta Salma amepiga magoti chini ya koki, mdomo wazi, macho ameyafumba, kama kifaranga cha njiwa. Nimetumia dola nyingi tangu wakati huo na sijapata kifaa kilichodhibiti mvujo vizuri kuliko yule mtoto. Mama yake akakiondoa kazini kwa sababu za meno.

Mwaka wa tatu, badala ya kupona, nikapata bahati mbaya iliyojifanya nzuri. Mtu mmoja kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada, alitangaza kwamba anauza mashine ya kujazia ya babu yake. Kuta mbili! Koki ya shaba iliyogeuka nyekundu kwa uzee! Nikaendesha saa mbili kwenye matope, maana Aprili ya huku barabara za vijijini hulainika zikawa uji. Nikalipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa sokoni Ngamiani ni dalili ya ugonjwa.

Nilimpelekea Mzee kwanza, ili nimwone uso. Akaizunguka. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua kiungo kimoja pembeni. Paling'aa kijivu, laini kama sabuni. Risasi. Vifaa vingi vya zamani, hasa vya kabla ya miaka ya 1990, viliungwa kwa lehemu ya risasi, na koki za shaba nazo huwa nayo. Shira ya moto ina asidi kidogo, ikikaa mle inaiyeyusha. Ndoo za zamani zinazopendeza kwenye kadi za posta nazo nyingi zina kesi hiyo hiyo.

"Nzuri," akasema Mzee, akifuta kisu. "Kwa viatu."

Na ndipo viatu vyetu vya theluji vinapokaa, mlangoni. Koki yake haidondoshi hata kidogo.

Nilikuwa nimeshaanza kusema nitauza maji mabichi kwa Mzee nipumzike, hadi tulipoalikwa harusi Winooski, mji mdogo kando ya Burlington wenye Wakongo na Warundi wengi, ambako Kiswahili unaweza kukisikia kwenye foleni ya dukani. Harusi ilikuwa na watu wengi na pilau ya kutosha, lakini mimi sikuona bibi harusi wala bwana harusi. Niliona meza ya chai. Juu yake palikuwa na birika kubwa la umeme, la chuma cha pua ndani na nje, na pembeni lina kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa nyuzi za joto: 30, 50, 85. Themanini na tano! Koki ya chuma. Nikajimiminia kikombe, nikafunga. Nikangoja. Nikainama nikaangalia kwa chini. Hakuna tone. Nikajimiminia kingine. Vikombe sita baadaye Mama Salma alikuja kunishika mkono kwa upole, kama mtu anavyomtoa mumewe baa.

Birika lilikuwa mali ya jumuiya, la harusi, vikao na misiba. Nikaomba kuazima kwa saa moja kwa mwaka. Kamati ikakaa, ikakubali kwa sharti la chupa nne, na mwenyekiti akaongeza ya tano kwa ajili ya wino wa kuandika kumbukumbu.

Kazi ilienda kama kwenye video. Chupa za moto kutoka oveni, shira ya nyuzi 85 haipandi haishuki, uzi wa dhahabu, kimya. Chupa ya kumi na nane ilikuwa inalazwa ubavu simu ilipolia. Kuna msiba, watu wameshaanza kufika, birika linatakiwa sasa hivi. Nikalisuuza. Naapa nililisuuza. Lakini koki ya aina hiyo ina tumbo ndani, na shira hujua kujificha.

Msibani nilikaa kwenye mkeka nyuma kabisa, kikombe mkononi, nikisikiliza. Chai ilikuwa tamu kabla mtu hajagusa bakuli la sukari. Bibi mmoja akaonja, akatazama kikombe, akaonja tena. "Alikuwa mtu wa watu," akasema, na machozi yakamlenga. "Hata chai yake tamu."

Wazee wote wakaafiki. Mimi nikatazama mkeka.

Katika chupa zile nilichagua moja ya kumpelekea Mama. Kuchagua aina ya chupa kulinichukua majira mazima ya baridi, na hapo sitaki kuchekwa, kwa sababu ni jambo zito. Madumu ya plastiki ni nafuu na hayavunjiki, ila plastiki huruhusu hewa kidogo kidogo, shira ikakolea rangi kuelekea kahawia. Kioo hakipitishi kitu. Kuna chupa za umbo la jani la mepo, nzuri machoni, ila faneli inazichukia. Nikaamua zile za duara zenye kijishikio shingoni, kidogo kiasi kwamba hata kidole cha mtoto hakipenyi. Kijishikio hicho hakina kazi. Ni kumbukumbu ya magudulia ya udongo ya zamani, yaliyohitaji kushikwa kweli. Mtu akapunguza gudulia, akapunguza shikio, wala hakukumbuka kulitoa. Nikakipenda.

Shira yenyewe niliipima kwa haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, cha tatu kununua maana viwili vilielea sakafuni. Vermont inadai sukari isipungue asilimia 66.9, wakati kwingine huridhika na 66. Ikiwa nyepesi huchacha, ikiwa nzito huotesha vigae vya sukari kitakoni. Yangu ilikuwa 67 kamili. Binamu yangu akaibeba mpaka Tanga katikati ya suti yake ya pekee, imefungwa kanga mbili.

Mama akapiga video. Nyuma yake niliona sahani ya kaimati.

"Shira nimeionja," akasema. "Nyepesi. Haivuti uzi." Akabana kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha mbele ya kamera kunionyesha namna uzi unavyopaswa kuvutika. "Nikairudisha motoni nikatia iliki."

"Mama, ile imepimwa. Asilimia sitini na saba."

"Ndiyo maana. Umeitoa mapema."

Nikauliza iliyobaki ameiweka wapi. Akainua chupa ya maji ya plastiki, ile ya lita moja na nusu, imefungwa kwa karatasi ya nailoni na mpira mdomoni.

"Na chupa yangu?"

Simu ikasafiri sebuleni, ikapita miguu, feni, mlango, ikasimama mbele ya kabati la vyombo. Pale juu, kati ya seti ya vikombe visivyonywewa na birika la maua alilopewa harusini, ilikuwa imewekwa chupa yangu: tupu, imeoshwa, imepanguswa, kijishikio kimegeuzwa kielekee wageni.

"Wote wakija wanaiulizia," akasema. "Ila moja inaonekana pweke. Mwakani niletee nyingine ziwe jozi. Hiyo shira usijisumbue, mwanangu, sukari ipo dukani."